Chupa za plastiki za mtoto: nizitupe zote?

"Shikamoo daktari. Mwanangu ana wiki 11 na likizo yangu ya uzazi inakwisha. Naishi Kimara na kazi yangu iko Posta, kwa hiyo mchana siwezi kurudi kunyonyesha. Nimeanza kukamua maziwa, na yasipotosha naongezea ya kopo. Nina chupa tatu. Mbili nilinunua Kariakoo, ni za plastiki yenye weupe kwa mbali. Ya tatu nilipewa na dada yangu, ambaye wanawe sasa wako sekondari. Hiyo ni ngumu, inaonyesha kama kioo, ila ndani ina mikwaruzo. Kwenye kundi letu la akina mama la WhatsApp ulitumwa ujumbe kwamba chupa za plastiki zikitiwa maji ya moto hutoa sumu inayoleta saratani na kuharibu homoni za watoto wa kiume. Wangu ni wa kiume. Tangu siku hiyo nimemwambia dada wa kazi asichemshe tena chupa, aoshe kwa sabuni tu, na maziwa ya kopo achanganye kwa maji ya uvuguvugu. Mama mkwe anasema nimekosea. Yeye huzichemsha nusu saa kila mara. Chupa za kioo nimeziona dukani, bei yake kubwa na naogopa zitavunjika. Je, nizitupe hizi zote? Na hizo wiki mbili alizotumia chupa ya dada yangu zimeshamdhuru?"

Marahaba mama, na hongera kwa mtoto. Kabla sijafika kwenye plastiki, naomba leo hii umwambie dada arudi kuchemsha chupa, na maziwa ya kopo ayachanganye kwa maji ya moto. Nitakueleza namna ya kufanya hivyo bila maji hayo ya moto kukaa ndani ya plastiki. Lakini usiuache utaratibu wa sasa uendelee hata usiku mmoja zaidi. Hatari uliyoikimbia ni ndogo na ni ya polepole. Hii uliyoifungulia mlango inaweza kumlaza mtoto wodini ndani ya siku mbili.

Hofu yako haina cha kuonea haya. Ujumbe ule una ukweli ndani yake, na ndiyo maana umewashika wengi. Shida ni kwamba umechukua habari ya aina moja ya plastiki, ukaibandika kwenye plastiki zote, halafu ukaongezea mambo ambayo hakuna aliyeyathibitisha. Ngoja tuutenganishe, maana chupa ulizonazo ni za aina mbili tofauti kabisa.

Anza na ile ya dada yako. Ishike uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Kama inaonyesha safi kama bilauri, ukiiminya haibonyei, na ukiigonga kwa kucha inatoa mlio mkavu, basi kwa umri wake ninaamini ni polikaboneti. Miaka hiyo ndiyo plastiki iliyopendwa sana kwa chupa za watoto, kwa sababu haivunjiki ikianguka na inapendeza machoni. Polikaboneti hutengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo kwa kifupi huitwa BPA. Molekuli za BPA zimeungwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi, na uzi huo una maadui wawili: joto, na maji yenye ukali wa magadi kama ya baadhi ya sabuni za unga. Chupa ikichemshwa na kusuguliwa miaka na miaka, shanga za juu juu zinaanza kukatika na kuingia kwenye maziwa. Mikwaruzo unayoiona ndani ni dalili kwamba uso wa plastiki umeshachakaa, na uso uliochakaa huachia zaidi kuliko uso laini.

BPA ina tatizo gani mwilini? Katika miaka ya 1930 mtafiti Mwingereza Edward Charles Dodds, aliyekuwa akitafuta dawa zinazofanya kazi kama homoni ya kike ya estrojeni, aligundua kwamba BPA inaweza kuiga homoni hiyo, japo kwa udhaifu mkubwa. Inaingia kwenye vipokezi vya estrojeni na kutoa ishara ambayo mwili haukuituma. Kwa mtu mzima kiasi kidogo kama hicho ini hukikamata haraka na kukitoa kwa mkojo. Mtoto mchanga yuko tofauti kwa mambo mawili: ini lake bado linajifunza kazi, na kwa kila kilo ya uzito wake anakunywa maziwa mengi mno ukilinganisha na chakula tunachokula sisi. Kiasi kilekile kilichotoka kwenye chupa kinamwelemea yeye kuliko wewe.

Ndiyo sababu nchi zilianza kuchukua hatua. Kanada ilitangaza mwaka 2008 kwamba itapiga marufuku chupa za watoto za polikaboneti. Umoja wa Ulaya ulizuia kutengenezwa kwake kuanzia Machi 2011 na kuuzwa kuanzia Juni mwaka huohuo. Afrika Kusini nayo ilizipiga marufuku mwaka 2011. Marekani iliziondoa kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa mwaka 2012, lakini wasimamizi wa chakula na dawa wa huko walieleza kwamba walifanya hivyo kwa kuwa viwanda vilikuwa vimeshaacha kuzitengeneza, wala hawakutamka kwamba zimethibitika kudhuru. Ujumbe wa WhatsApp hauwezi kukwambia tofauti hiyo, ila ni ya maana ukitaka kujua uhakika uko wapi.

Hata leo wataalamu hawajakubaliana. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka 2015 iliweka kwa muda kikomo cha BPA ambayo mtu anaweza kuila bila hofu: mikrogramu 4 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwaka 2023 ilikishusha kikomo hicho mara 20,000, baada ya kuona majaribio ya panya yaliyoonyesha mabadiliko kwenye seli za kinga. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za namna hii ilisema wazi kwamba haikubaliani na hesabu hiyo, ikapendekeza kikomo kilicho juu yake mara 1,000. Walio makini wanatofautiana kiasi hicho, lakini kwa chupa ya mtoto hakuna haja ya kuwasubiri wamalize. Kuna chupa nzuri zisizo na BPA kabisa, na zimejaa madukani. Kwa hiyo chupa ya dada yako iache. Usiigeuze hata chombo cha kuwekea maji ya kunywa ya mtoto.

Sasa hizo wiki mbili. Mama, hazijamharibu mwanao. BPA haikai mwilini kama madini ya risasi ya kwenye rangi au kama zebaki. Sehemu kubwa ya iliyoingia hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja hivi. Ukiacha chanzo, kiasi kinashuka. Hahitaji kipimo cha damu wala dawa ya "kusafisha sumu", na mtu akikuuzia dawa ya namna hiyo kwa mtoto wa wiki 11 usimpe, maana hiyo ndiyo inaweza kumdhuru.

Kuhusu saratani, hakuna utafiti ulioonyesha kwamba mtoto fulani amepata saratani kwa sababu alinyweshwa kwa chupa ya plastiki. Wasiwasi wa watafiti ulitokana zaidi na wanyama wa maabara waliopewa BPA wakiwa tumboni au wachanga, ambao baadhi yao walionyesha mabadiliko kwenye tezi dume, matiti na tabia. Mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu uliyapima hayo mwaka 2008 ukasema kuna "wasiwasi kiasi" kwa watoto walio tumboni, wachanga na wadogo. Hilo linatosha kuwa sababu ya kubadilisha chupa, ila halitoshi kumwambia mama kwamba mwanawe wa kiume "ameharibiwa homoni". Mwanao atakua mwanamume. Kama kuna kitu unakiona kwenye maumbile yake, kwa mfano korodani ambazo hazijashuka au tundu la mkojo lisilo mahali pake, mpeleke akaangaliwe kwa sababu hayo yana matibabu yake, wala usitafute kosa kwenye chupa.

Chupa zako za Kariakoo nadhani ni habari njema zaidi. Plastiki yenye weupe kwa mbali kama maji yaliyodondoshewa tone la maziwa, inayobonyea kidogo ukiiminya, kwa kawaida ni polipropilini. Geuza chupa uangalie chini. Utaona pembetatu ya mishale yenye namba 5, au herufi PP. Polipropilini haitengenezwi kwa BPA hata chembe, kwa hiyo haiwezi kuitoa. Inavumilia maji yanayochemka bila shida. Huanza kuyeyuka ikikaribia nyuzi 160, na maji ya sufuriani kwako hayapiti 100.

Ukikuta namba 7, usikimbie kwanza. Namba hizo zilianzishwa mwaka 1988 na chama cha viwanda vya plastiki cha Marekani ili kurahisisha kuchambua taka, na hazikuwekwa kuwa alama za usalama. Namba 7 maana yake ni "nyinginezo": humo imo polikaboneti, na zimo pia plastiki nzuri zenye rangi ya asali hafifu zinazoandikwa PPSU au PES, ambazo hutumika kwenye chupa za bei ya juu na hazina BPA. Ninayemhofia ni mwenye namba 7, anayeng'aa kama kioo, na asiyesema popote kwamba hana BPA. Na ukikuta chupa haina namba, haina jina la mtengenezaji, na ukiifungua inakupiga harufu kali ya plastiki au ya rangi, iache hapo hapo mezani hata kama ni ya bei rahisi. Michoro iliyochapwa ndani ya chupa, au vipimo vinavyobanduka ukikwangua kwa ukucha, ni sababu nyingine ya kuirudisha. Vipimo vilivyofinyangwa kwenye plastiki yenyewe ndivyo bora, maana havifutiki na dada hatakisia kiasi cha maji.

Ingekuwa rahisi niishie hapo, nikwambie chupa za PP hazina neno. Lakini kuna jambo jipya ambalo ni haki yako ulijue. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha Trinity mjini Dublin, Ireland, walichapisha matokeo ya kuzipima chupa za polipropilini kwa kufuata hatua za kawaida za kutayarisha maziwa. Walikuta chupa hizo zinaachia chembe ndogo sana za plastiki, zisizoonekana kwa macho, hadi milioni 16 kwa lita moja ya maji ya nyuzi 70. Walipotumia maji ya nyuzi 25 chembe zilikuwa kama laki 6 kwa lita. Walipotumia ya nyuzi 95 zikafika milioni 55. Unaona mwenyewe kinachoamua: ni joto la maji yanayokaa ndani ya chupa.

Chembe hizo zinamfanya nini mtoto? Bado haijajulikana, na anayekwambia kwamba zinaleta ugonjwa fulani amewatangulia watafiti wenyewe. Nyingi huenda zinapita na kutoka na kinyesi. Ushauri wangu kwako ni ule waliotoa watafiti hao, kwa sababu hauna gharama: usichanganyie maziwa ya moto ndani ya chupa ya plastiki. Hawakusema chupa ziache kuchemshwa. Hawakusema maziwa yachanganywe kwa maji ya uvuguvugu. Habari zikipita kwenye simu nyingi, nusu hiyo ndiyo inayodondoka njiani.

Maji ya moto tunayahitaji kwa sababu unga wa maziwa ya kopo, hata wa gharama kubwa, si kitu kilichouliwa vijidudu vyote. Kiwandani haiwezekani kwa teknolojia ya sasa ya kukausha unga. Ndani ya kopo lililofungwa vizuri anaweza kuwemo bakteria aitwaye Cronobacter, ambaye ni adimu lakini akimpata mtoto mchanga huingia kwenye damu na ubongo. Salmonela naye anaweza kuwemo. Unga ukiwa mkavu wanakaa kimya. Ukitiwa maji ya uvuguvugu na kuachwa kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, umewapa kila wanachohitaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2007: maji ya kuchanganyia yawe hayajashuka chini ya nyuzi 70, kwa sababu joto hilo linawaua. Hapo ndipo plastiki na vijidudu vinaonekana kuvutana, mmoja anataka joto na mwingine analikataa. Njia ya kuwatenganisha ni chombo cha tatu.

Tafuta kikombe kikubwa cha stenlisi chenye mfuniko, kiwe cha mtoto peke yake. Dada anawe mikono kwa sabuni. Achemshe maji, kama lita moja, mpaka yatokote vizuri, ayaepue na asiyaache zaidi ya nusu saa. Kama amechemsha maji kidogo yatapoa haraka, basi asisubiri kiasi hicho. Apime maji kwanza, ayamimine kwenye kikombe, ndipo atie unga kwa kijiko cha kopo lenyewe, kilichosawazishwa kwa kisu safi bila kushindiliwa, kwa idadi iliyoandikwa kwenye kopo. Akoroge, afunike, akiweke kikombe kwenye beseni la maji baridi mpaka maziwa yawe vuguvugu. Tone likidondoshwa ndani ya kifundo cha mkono lisichome. Sasa ndiyo amimine kwenye chupa na kumnywesha. Maji ya moto yamefanya kazi yake ndani ya chuma, na plastiki imepokea maziwa yaliyopoa. Maziwa hayo yakipita saa mbili tangu yachanganywe, yamwagwe. Najua kopo ni ghali na kumwaga kunauma, kwa hiyo achanganye kidogo kidogo, na akiomba zaidi ndipo aongezwe.

Kuchemsha chupa kwenyewe, mama mkwe ana haki kwenye msingi ila nusu saa ni nyingi. Dakika 5 hadi 10 tangu maji yaanze kutokota zinatosha. Vipande vyote vitenganishwe na vizame kabisa, bila povu la hewa lililobaki ndani ya chupa, na sufuria iwe na maji ya kutosha ili plastiki isilalie kitako cha chuma. Baada ya hapo chupa ipoe, kisha isuuzwe mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Msuuzo huo huondoa chembe zilizolegea wakati wa kuchemsha. Ikaushwe juu ya kitambaa safi, isifutwe na kile kitambaa cha jikoni kinachofuta kila kitu.

Lakini kuchemsha hakuondoi uchafu, kunapika uchafu. Nikishika chupa ya mtoto anayeharisha, ninachokifanya ni kuvua pete inayoshika chuchu na kupitisha kidole kwenye hizo hesi. Mara nyingi kinatoka na utando wa mafuta ya maziwa, mnene, wenye harufu ya mtindi. Chupa yenyewe inang'aa, ila chini ya pete kuna maziwa ya juzi. Kwa hiyo chupa ioshwe mara tu mtoto anapomaliza, kabla maziwa hayajakauka, kwa sabuni laini ya vyombo na brashi ya nywele laini. Stilwaya, mchanga na majivu viachwe kwa masufuria, maana kila mkwaruzo ni mfereji ambao brashi haiufikii. Ukichagua chupa, mdomo mpana na vipande vichache ni bora kuliko zile zenye vimirija vya kuzuia gesi. Vimirija hivyo ni vigumu mno kuosha, na mtoto ukimweka vizuri wima kidogo wakati wa kunywa, gesi inapungua bila hivyo.

Chuchu itazame kila siku. Ivute kwa vidole viwili: ikinata, ikivimba, ikiwa na ufa mdogo au ikikawia kurudi umbo lake, itupe, kwa sababu kipande kinaweza kukatika mdomoni. Chuchu ya silikoni nayo, ikipata joto kali mara kwa mara, inachakaa na kuachia chembe, kwa hiyo kuibadilisha kila baada ya miezi miwili au mitatu si anasa. Na usikubali tundu lipanuliwe kwa sindano ya moto. Huwa linapanuliwa ili uji upite, na mtoto wa umri huu hahitaji uji. Maziwa yakimjia kwa kasi yanaweza kumpalia.

Umeuliza kuhusu kioo. Ni chombo kizuri, hakitoi chembe za plastiki, hakishiki harufu, na kinachemshwa miaka bila kubadilika. Ila kinavunjika, na hatari kubwa si ile ya kuvunjika vipande vipande ukaona, bali kumeguka kidogo kwenye mdomo wa chupa usione. Kikitoka kwenye friji kikaingizwa kwenye maji ya moto kinaweza kupasuka papo hapo. Kwa nyumba ambayo mtu mmoja anabeba mtoto, anapika na kufungua geti, mimi nisingekushawishi ujinyime ili ununue kioo. Kioo kingefaa kuhifadhia maziwa uliyokamua kwenye friji, mahali ambapo hakibebwi huku na huko.

Ninachokipenda kuliko kioo kwa hali yako ni kikombe. Ndiyo, kikombe kidogo cha wazi, cha stenlisi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekipendekeza miaka mingi kwa watoto wasioweza kunyonya moja kwa moja, na hospitalini tunawanywesha hivyo hata waliozaliwa kabla ya siku zao. Hakina hesi wala chuchu, unakiosha ukaona kila kona. Mtoto akae wima mapajani, amefungwa khanga mikono isirukeruke. Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yafike kwenye midomo tu, kisha dada asubiri. Utaona ulimi unatoka, mtoto anaramba na kufyonza mwenyewe. Asimiminiwe, kumimina ndiko kunakompalia. Siku za kwanza atamwaga mengi, na dada atachoka. Wakishazoeana inakuwa jambo la kawaida, na kuna faida ya ziada kwako: mtoto hajifunzi kunyonya kwa namna ya chuchu ya chupa, kwa hiyo jioni ukirudi anashika titi bila kugoma.

Hapo napenda nikutie moyo kidogo kuhusu maziwa yako. Yaliyokamuliwa hayahitaji maji ya moto hata kidogo, hivyo sehemu kubwa ya wasiwasi huu wa plastiki inakwisha yenyewe. Yakae kwenye friji hadi siku 4. Yakiwa nje ya friji, kikomo kinachotajwa ni saa 4, lakini hicho ni cha chumba kisichozidi nyuzi 25, na mchana wa Kimara unapita hapo, basi usiyaache. Kupasha moto, weka chombo kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Maikrowevu hupasha sehemu moja ikaunguza ulimi huku nyingine ikiwa baridi. Kazini, begi lenye vipande vya barafu litayalinda mpaka ufike nyumbani. Na ujue haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Zungumza na mwajiri uone kama unaweza kuzitumia kukamua mchana au kutoka mapema kabla ya foleni. Ukinyonyesha alfajiri, jioni na usiku, na ukakamua mara mbili tatu kazini, akina mama wengi hufika miezi sita bila kopo. Kama unatumia ARV, zungumza na kliniki yako kabla ya kuongeza maziwa mengine.

Kwa hiyo: ile ya dada yako itupe. Za Kariakoo, kama zina namba 5 au PP, hazina harufu na ndani ni laini, endelea nazo, na zikianza kufifia, kupasuka au kukwaruzika zibadilishe. Kikombe kianze wiki hii ukiwa bado nyumbani, ili dada ajifunze mbele yako.

Na kwa kuwa amekuwa akinywa maziwa ya maji ya uvuguvugu kwenye chupa zisizochemshwa, siku hizi chache mwangalie kwa jicho la karibu. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona ana homa, anakataa kunyonya, analegea au haamki vizuri, anatapika kila anachokunywa, anapata degedege, utosi umevimba au umebonyea, au nepi imekaa kavu saa 6 au zaidi. Akiharisha bila dalili hizo, endelea kumnyonyesha mara nyingi zaidi na umpeleke kesho yake mapema apewe ORS na zinki kwa kipimo cha umri wake. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha uliyonunua dukani.

Kama hana dalili yoyote, subiri tarehe yake ya kliniki, apimwe uzito kama kawaida. Ukiona mstari kwenye kadi umelala, siku hiyo nenda na dada, na mbebe kopo, kijiko chake na kikombe, achanganye mbele ya muuguzi kama anavyofanya nyumbani. Mara nyingi sababu inaonekana papo hapo: vijiko vimepunguzwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Ikiwa ndivyo, mwambie muuguzi bila kuficha, kwa sababu anaweza kukaa nawe akakuonyesha namna ya kukamua vizuri na kuongeza maziwa yako mwenyewe.